Karata Ikishaingia Kwenye Rundo

Wasikilizaji wangu, leo naomba mnivumilie, maana nataka kuzungumzia kamari. Najua wapo walioanza kunyoosha mkono kuzima redio. Kwa Mwislamu ni haramu, kwa Mkristo ni majaribu, na kwa mama ambaye baba watoto karudi mikono mitupu siku ya mshahara, jambo hilo halihitaji shehe wala mchungaji wa kulifafanua. Wote nawakubalia. Ila kamari ipo, ina leseni, ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi ya kuisimamia. Ukishuka kwenye pantoni hapa Magogoni, Dar es Salaam, ukashika njia ya ufukweni kuelekea Posta, hujachoka utakuwa umefika Hoteli ya New Africa, pale ilipokuwa Kaiserhof enzi za Mjerumani, na kasino yake. Sitawaambia mwende wala msiende. Nataka kuzungumzia ugomvi mmoja tu wa mezani, kwa sababu kila nikiutafakari najikuta nahama upande: ugomvi wa mtu aliyetupa karata zake mwenyewe, halafu akadai alikuwa ameshinda.

Kwa wasioijua poka, nieleze kwa ufupi. Inayochezwa zaidi duniani siku hizi ni ile ya Texas. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunguliwa karata tano za wote, kwanza tatu, kisha moja, kisha moja. Kila hatua watu wanaweka dau, na anayeona maji marefu anatupa karata zake na kujitoa. Dau zote zinakusanyika katikati, hilo ndilo fungu. Mwisho waliobaki wanafunua, na mwenye karata tano bora kati ya saba, yaani mbili zake na tano za mezani, anabeba fungu. Ipo pia poka ya mchezaji kushindana na nyumba, yaani kasino yenyewe, na huko ugomvi ninaousema ni nadra, kwa sababu dila, yaani mgawa karata, ndiye anayefunua karata kwa mkono wake. Ugomvi upo pale mtu anapocheza na mtu, na nyumba inabaki kugawa karata na kukata kamisheni.

Haya, tuchukulie meza ya watu tisa, saa saba usiku. Saba wameshajitoa. Wamebaki wawili: mzee mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo, na kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Karata ya tano imefunguliwa. Kijana kaweka dau, mzee kalilipia. Kanuni inasema aliyeweka dau la mwisho ndiye anayetangulia kufunua. Kijana hafunui. Anasema tu, "Flashi, mzee wangu," yaani karata tano za aina moja, huku zake zimelala kifudifudi. Mzee anashusha pumzi, anazisukuma za kwake mbele bila kuzionyesha, na mkono wa dila unazikomba kwenda kwenye rundo la zilizotupwa. Ndipo kijana anafunua, na meza nzima inaona kopa nne na uru moja. Nyekundu zote, na macho ya saa saba usiku yamezichanganya. Flashi hakuna. Mzee alikuwa na jozi mbili.

"Dada, rudisha karata zangu."

"Mzee wangu, zimeshaingia kwenye rundo."

"Rundo gani? Si hizo hapo juujuu!"

"Samahani mzee, ngoja nimwite msimamizi."

Hapo watu wanasimama. Mmoja anasema mzee apewe haki yake, kadanganywa. Mwingine anasema mtu mzima na akili zake kaachia mwenyewe, tena bila kulazimishwa. Wa tatu, asiyejua kanuni na wala hana shilingi kwenye fungu hilo, anapaza sauti waende wakaangalie kamera.

Tuanze na huyo wa kamera, maana ndiye anayesikika zaidi. Kamera za kasino ziko darini. Zinaona mikono, zinaona chipu za dau, zinaona migongo ya karata, na migongo ya karata 52 ni lazima ifanane, la sivyo hakuna mchezo. Kamera itakuambia kama mzee alizisukuma mwenyewe au dila alizivuta kabla hajaziachia. Itakuambia zilitua juu ya rundo au zilizama ndani yake. Haitakuambia zilikuwa karata gani. Kwenye televisheni ni habari nyingine: tangu kipindi cha Uingereza cha Late Night Poker, mwaka 1999, kilipoweka vioo ukingoni mwa meza na kamera chini yake, mtazamaji aliyekaa kwenye kochi anajua karata za kila mtu, na ameshawaona washindi wakitupa ushindi wao wenyewe bila habari. Anapiga kelele peke yake sebuleni. Mezani hakuna anayemsikia.

Sasa lile rundo. Watu saba waliojitoa wameacha karata 14. Kabla ya kila hatua ya kufungua za katikati, dila huweka kando karata moja bila kuionyesha, ili mwenye kuijua karata ya juu kwa alama asinufaike. Hizo ni 3. Jumla 17, na ukiongeza mbili za mzee ni 19. Ukimruhusu mtu aseme "zangu zilikuwa kumi ya pau na tisa ya pau, zitafuteni humo," utazikuta au hutazikuta. Ukizikuta, utajuaje kwamba ni zake na si za yule aliyejitoa mwanzo kabisa? Mtu mwenye macho makali anaweza kuzichungulia karata za jirani zikitupwa, akanyamaza, na mwisho wa mchezo akazidai kuwa zake. Nendeni Soko la Samaki pale Feri alfajiri mtanielewa. Kolekole wako akiwa juu ya meza ya mnada, mbele ya dalali, kila mtu anaona ni wako. Akishamwagwa kwenye tenga la mwenzako pamoja na kolekole wengine, utaapa mpaka jua lizame, na atakayesikilizwa ni mwenye tenga.

Zamani kila nyumba ya poka ilikuwa na kanuni zake. Mmarekani Bob Ciaffone alikusanya kanuni hizo, zikajulikana kama Robert's Rules of Poker, na mwaka 2001 wasimamizi wa mashindano, akina Matt Savage na Linda Johnson, wakaunda chama chao ili mchezaji asikute hukumu moja mji huu na nyingine mji ule. Ukizisoma zote utakuta mambo mawili yanayorudi. Kwanza, karata zilizofunuliwa husema zenyewe. Hata mwenyewe akikosea kuzisoma, hata akinung'unika kwamba ameshindwa, maadamu zote mbili zimelala chali, dila anazisoma na fungu linakwenda kwa anayestahili. Dila naye akikosea, mchezaji yeyote pale mezani anahimizwa kusema. Pili, karata zilizotupwa kifudifudi zikachanganyika na rundo zimekufa.

Lile la kwanza lina thamani yake ya pekee hapa Dar es Salaam. Meza moja inaweza kuwa na mfanyabiashara wa Kariakoo, Mhindi wa Upanga, Mchina wa kampuni ya ujenzi na Mlebanoni mwenye mgahawa, kila mmoja akitaja karata kwa lafudhi ya kwao. Ukisema umeshinda kwa Kiingereza cha kuungaunga na mwenzako akasikia umeshindwa, nani atasuluhisha? Karata zikilala chali, mkalimani hahitajiki.

Basi kama kanuni ni nyepesi hivi, funua zote mbili na usubiri, kwa nini watu wazima inawashinda? Mimi nadhani ni aibu. Mtu aliyelipia dau la laki tano akiwa na jozi ya nne hataki vijana waione hiyo jozi ya nne. Anataka wabaki wakidhani alikuwa na mkono mzito ukazidiwa na mzito zaidi. Kutupa kifudifudi ni kujisitiri. Ndiyo maana upande wa pili wa meza huwa yupo mwenzake anayeijua aibu hiyo na kuivuna. Atataja mkono asio nao. Au atafunua karata moja tu, ree, yaani ile ya A, inayong'aa, huku kidole kimeikandamiza ya pili, asubiri uvunjike moyo. Karata moja si mkono. Mpaka zote mbili zilale chali hakuna kilichofunuliwa, na aliyetupa za kwake kwa kutishwa na ree moja ameshindwa na woga wake.

Watu wa poka wana jina baya kwa wachezaji wa namna hiyo, na wasimamizi wanaweza kuwaadhibu. Lakini adhabu hairudishi fungu. Kinachoweza kulirudisha ni kifungu kimoja cha Ciaffone ambacho wengi hawakijui: karata zilizotupwa, zikiwa bado zinatambulika wazi, msimamizi anaweza kuzifufua kwa maslahi ya mchezo, na anatakiwa ajitahidi zaidi kufanya hivyo iwapo mchezaji alizitupa kwa sababu alipewa taarifa ya uongo. Kwa hiyo swali la mzee wetu, "si hizo hapo juujuu," halikuwa kelele. Lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Ipo kanuni nyingine ambayo huwa inanichekesha. Mchezaji yeyote aliyegawiwa karata katika duru hiyo anaweza kuomba kuuona mkono wa mtu aliyefika mpaka mwisho akashindwa. Iliwekwa kwa ajili ya kunasa njama, yaani wawili waliokubaliana chini ya meza kupandishiana dau ili wambane wa tatu. Ila kuna tofauti. Akiomba mtu wa pembeni, dila kwanza anazigusisha karata hizo kwenye rundo, zife, ndipo azionyeshe, na hata zikiwa bora kuliko za mshindi hazibebi kitu. Akiomba mshindi mwenyewe, zinafunuliwa zikiwa hai. Sasa mfikirieni bwana ambaye chipu zimeanza kusukumwa upande wake, roho imetulia, halafu kiherehere kinampanda: "Hebu nione ulikuwa na nini." Anaonyeshwa. Mwenzake alikuwa na mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, hakuuona. Chipu zinageuza njia.

Hapa kwetu tuna michezo miwili ya karata inayomfundisha mtu tabia mbili tofauti kabla hajakanyaga kasino. Kwenye vijiwe, watu wakisubiri pantoni au mzigo, kuna wahedi wa sitini. Karata zote zina jumla ya pointi 120, na anayefikisha 61 ameshinda. Karata ulizokula unazilaza kifudifudi upande wako. Ukizuka ubishi, zinageuzwa na kuhesabiwa upya, ree pointi kumi na moja, seti pointi kumi, mpaka hesabu ikae sawa au mtu anyamaze. Pale rundo ndilo ushahidi wenyewe. Mchezaji wa kijiweni akihamia kwenye poka anaumia, kwa sababu amezoea kwamba kilicholazwa chini kinaweza kugeuzwa kikahesabiwa. Kijiweni tena hakimu ni wazee wa kijiwe, maana kama kulikuwa na pesa usitegemee mahakama: Sheria yetu ya Mikataba haiyatambui makubaliano ya kamari ya mtu na mtu.

Mchezo wa pili ni karata tatu, ule wa kwenye mitaa ya Kariakoo na vituo vya mabasi. Huo si mchezo, ni wizi wenye hadhira. Yupo anayezirusha, wapo wapambe wake wanaojifanya wapita njia na kushinda noti za elfu kumi mbele yako, yupo anayeangalia polisi. Wengi hudhani siri iko kwenye wepesi wa vidole peke yake. Vidole ni vyepesi kweli, lakini angalieni zaidi nani anayegeuza karata. Ni yeye mwenyewe, kwa wakati anaoutaka yeye, na wapambe wapo kuhakikisha mkono wako hautangulii. Aliyeliwa pale mara moja angepaswa kufika kwenye poka akiwa na adabu ya kugeuza karata zake kwa mkono wake na kuvumilia mpaka za mwenzake nazo zigeuzwe. Wengi hawafiki na adabu hiyo. Wanafika na hasira.

Sasa niwape kesi inayonigawa kabisa. Katikati ya meza zimefunguliwa kumi, jeki, kwini, kingi na ree, za aina zilizochanganyika kiasi kwamba flashi haiwezekani. Huo ndio mfululizo mkubwa kuliko yote, na uko mezani kwa kila mtu. Hakuna karata mbili duniani zinazoweza kuupita. Wamebaki wachezaji wawili, na kila mmoja ana haki ya nusu ya fungu, hata ashike kadi ya kliniki. Mmoja wao amechoka. Anaangalia alichoshika, anaona mbili na saba, garasa tupu, anazitupa. Mwenzake anafunua na kusema anacheza za mezani. Kwa kanuni, anabeba fungu lote. Anayetaka kucheza za mezani anatakiwa aseme kabla hajatupa zake. Asiposema, amelikana fungu.

Mnaona tatizo? Nilipotetea kwamba karata zilizotupwa zife, nilitetea kwa hoja ya ushahidi: hatuwezi kujua zilikuwa nini. Hapa tunajua. Hatuhitaji hata kuzitafuta kwenye rundo, kwa sababu zozote zile zingempa kitu kilekile. Dila anajua, msimamizi anajua, na aliyekula fungu lote anajua moyoni kwamba nusu si yake. Na bado kanuni inamnyima. Maana yake kanuni hii imesimama pia kwenye hoja ya pili, nayo ni hoja ya kuachia. Aliyetupa ametamka, kwa mkono badala ya mdomo, kwamba hadai tena.

Hoja hizi mbili hukaa pamoja siku nyingi bila kugombana, na kanuni inaonekana moja. Zikigombana ndipo utamjua msimamizi mzuri. Anayeshika ushahidi peke yake atasema karata zikichanganyika zimekufa, haijalishi nani alikosea, na zikiwa zinatambulika basi zihesabiwe, hata za mtu aliyeachia kwa hiari yake. Anayeshika kuachia peke yake atauliza mtu alikusudia nini, na mezani saa saba usiku kila mtu atakuwa na kusudio zuri. Mimi ningemhukumia mzee wa Kariakoo hivi. Karata zake zikiwa juu ya rundo, zinatambulika, arudishiwe, kwa sababu aliyeachia kwa kuambiwa uongo hajaachia. Na sijali kama kijana alidanganya au alikosea kusoma. Yeye ndiye aliyetakiwa kutangulia kufunua, akaweka mdomo mahali pa karata. Zikiwa zimeshazama ndani ya zile 17, zimekufa, kijana aonywe mbele ya wote, na mzee aende nyumbani akiwa na kinyongo chake. Siipendi sehemu hiyo ya pili, lakini sioni nyingine isiyofungua mlango kwa kila mwongo.

Kesi iliyobishaniwa sana duniani ilitokea Las Vegas, Julai 2012, kwenye shindano kuu la World Series of Poker. Kiingilio dola 10,000, wachezaji 6,598, na wengi walikuwa wameshatolewa. Mhungaria Andras Koroknai alisukuma chipu zake zote mbele. Akidhani wenzake wote wameshajitoa na fungu ni lake, akatupa karata zake. Kumbe Mfaransa Gaelle Baumann alikuwa bado na zake mkononi. Hapo mjadala ukawaka. Wapo waliosema karata za Koroknai zimekufa na chipu zake zote zimo kwenye fungu, kwa hiyo habari yake imekwisha. Wasimamizi wakaamua vingine: karata zimekufa ndiyo, lakini atozwe sehemu ndogo tu ya chipu na aendelee kucheza. Akaendelea. Alimaliza wa 6, akaondoka na zaidi ya dola milioni 1.6. Baumann alitolewa akiwa wa 10, nafasi moja tu kabla ya meza ya mwisho ya watu 9, meza ambayo mwanamke hakuwa ameifikia tangu Barbara Enright mwaka 1995.

Naielewa hukumu ile. Koroknai hakutupa kwa kukubali kushindwa, alitupa kwa kuamini ameshashinda, na kwa hoja ya kuachia hakuwa ameachia kitu. Wasimamizi walitazama kusudio lake wakamhurumia. Lakini hawakutazama kitu kimoja. Chipu zilisukumwa kabla ya karata kutupwa. Dau lile lilikuwa tamko kamili, lililotolewa na mtu mwenye karata hai mkononi, mbele ya mwanamke ambaye alikuwa hajajibu bado. Kosa lililofuata liliua karata, halikuua dau. Baumann hakukosea lolote, na gharama ya kosa la mwenzake akaibeba yeye.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, kwenye gharama. Kanuni za wasimamizi zinasema karata zako ni jukumu lako kuzilinda. Wachezaji wazoefu huweka chipu juu yake, au sarafu, au kidude chochote chenye uzito, ili mkono wa dila usizikombe kwa bahati mbaya. Dila akizikomba karata zisizolindwa, imekula kwako: hupati nafuu, na ulichokwisha kukiweka kwenye fungu hakirudi, isipokuwa nyongeza ya dau ambayo hakuna aliyekuwa ameilipia. Wageni wa meza hawalijui hili mpaka siku linapowakuta.

Mimi sikubaliani nalo lote. Mchezaji alinde karata zake, sawa. Lakini kazi ya dila ina utaratibu wake wa mwisho wa mchezo, nao una sababu. Za aliyeshindwa zinauawa kwanza. Za mshindi zinabaki chali mbele ya macho ya wote. Fungu linasukumwa kwa mshindi. Halafu ndipo karata zake zichukuliwe. Dila akiruka hatua, akakusanya za mshindi kabla fungu halijatoka katikati, amefuta ushahidi ambao nyumba ndiyo iliyokabidhiwa kuutunza, na kwa utunzaji huo ndiyo inakata kamisheni. Haiwezekani kamisheni iwe ya nyumba na kosa liwe la mteja.

Kule Nevada, mchezaji na kasino wakishindwa kuelewana juu ya malipo ya dola 500 au zaidi, kasino inalazimika kuitaarifu bodi ya serikali mara moja, na kama ni chini ya hapo lazima imweleze mteja kwamba ana haki ya kuomba uchunguzi. Kwetu pia malalamiko ya mchezaji yanapelekwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ila mtu hawezi kulalamikia kanuni ambayo hakuwahi kuiona. Ningependa kila meza ya poka iwe na kibao cha Kiswahili, siyo kitabu, mistari michache tu: karata zote mbili zifunuliwe, mdomo hauhesabiki, kilichoingia kwenye rundo kimekufa isipokuwa kwa hili na hili. Na uamuzi wa msimamizi utolewe kwa Kiswahili mchezaji akitaka hivyo, hata kama wenzake mezani ni wa mataifa mengine. Mtu anayehukumiwa fedha zake asihukumiwe kwa lugha ya kukisia.

Na pale nyumba itakapolipa kwa sababu ya kosa la mezani kwake, ilipe kutoka kwenye kamisheni yake. Isiende kuzikata fedha hizo kwenye mshahara wa binti anayegawa karata tangu saa mbili usiku, anayetukanwa na walioshindwa na kusahauliwa na walioshinda, halafu alfajiri anasubiri pantoni ya kwanza arudi kwake Kigamboni.